Wadhamini Kumi na Mmoja wa Shahada Ambayo Haipo

Bi Refugio mpendwa,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, karatasi nimeiweka juu ya usukani, kwa hiyo mwandiko ukienda upande usidhani nimelewa, na ninachokuomba ni msaada kabla ya tarehe ishirini na tatu Mei, kwa sababu siku hiyo watu mia moja na hamsini wanakuja kusherehekea shahada yangu ya chuo kikuu, na mimi shahada sina, wala siko karibu nayo, na kusema kweli tangu Oktoba sijaingia darasani.

Mama mkwe wangu husema watu wanaokuandikia wewe huanzia katikati ili kuficha mahali walipokosea, kwa hiyo mimi naanza mwanzo. Anakupenda sana. Macho yake hayasomi vizuri maandishi madogo, basi kila Ijumaa akitoka kazini huweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi na kuniambia, "Soma, mwanangu, tuone leo nani kaharibu," na mimi namsomea ukurasa wako gazetini, yeye anawajibu watu kabla yako. Wiki iliyopita, kwa yule dada ambaye mumewe anaficha simu, Mama alisema, "Huyo ningempa begi na ramani." Halafu wewe nawe ukasema vilevile, bila ramani, akafurahi wiki nzima. Mama mkwe nitamwita Eustolia na mtoto wangu nitamwita Itzel, ana miaka mitatu, na mume wangu Ramiro, anayeendesha lori na kuonekana nyumbani siku mbili kwa wiki, akiwa na usingizi.

Nilitaka kuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Bado nataka. Nilianza kwenye chuo cha jamii cha hapa kwetu, kile kidogo cha miaka miwili kilicho jirani na duka la matrekta, dakika kumi kutoka nyumbani, nikaenda kwa afisa wa masomo, mmoja kwa wanafunzi wote, akanipa dakika kumi na tano na kumi kati ya hizo alitafuta miwani, kisha akaniambia, "Chukua masomo yote ya watoto unayoweza, yote yatakwenda nawe chuo kikuu." Nikayachukua. Nilichukua Makuzi ya Mtoto, Lishe ya Mtoto, Muziki kwa Mtoto, Usalama wa Mtoto, nilichukua hata somo la kutengeneza vikaragosi vya soksi, nikafaulu nikiwa na mimba, nikafaulu nikinyonyesha, na siku ya mahafali Mama Eustolia alilia mpaka mtu wa picha akasimamisha foleni. Picha yangu ya joho ameitundika sebuleni karibu na picha ya Mama Maria wa Guadalupe, tena juu kidogo, na padri alipokuja kubariki nyumba aliitazama akakohoa tu.

Kisha chuo kikuu kikaniandikia barua kwamba nimekubaliwa na ninaingia kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mama akahesabu kwa vidole palepale mezani: shahada ni miaka minne, toa miwili, inabaki miwili. Kesho yake kiwanda chote cha kufungasha machungwa kilijua kwamba mkwe wake anamaliza baada ya miaka miwili, na wiki iliyofuata, Bi Refugio, alifanya jambo ambalo sikumwomba, aliacha zamu ya asubuhi. Ana miaka ishirini na miwili kwenye ule mkanda wa kuchagua machungwa, na zamu ya asubuhi hupewa wakongwe tu, yeye akaiacha akaenda zamu ya mchana pamoja na wasichana wapya, ili asubuhi amshike Itzel mimi nisome. Nilipomwambia amezidisha akanijibu, "Mimi machungwa nimeshayaona ya asubuhi, acha niyaone ya jioni."

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwisho wake nikaenda kwa afisa wa chuo kikuu, kijana mpole mwenye kikombe chenye picha ya paka, nimuulize nimebakiza masomo mangapi. Akanigeuzia kompyuta. Juu kabisa imeandikwa kwamba krediti zangu zote sitini na sita kutoka chuo kidogo zimepokelewa, na chini, kwenye kisanduku cha shahada yangu, ziko thelathini na tatu.

Nikamuuliza, "Hizi nyingine zimepotea?"

"Hapana dada, hazijapotea, zipo. Zimewekwa kwenye masomo ya hiari."

"Na krediti za hiari ninazohitaji ni ngapi?"

"Sita."

"Na ninazo ngapi?"

"Thelathini na tatu," akasema, kwa sauti ya mtu anayenipongeza. "Umezidisha sana."

Kwa hiyo sikubakiza mwaka mmoja, nilibakiza miwili na nusu. Makuzi ya Mtoto inabidi nirudie, kwa sababu kule ni somo la mwaka wa kwanza na hapa ni la mwaka wa tatu, na mengine yote yanasubiri hilo. Nikanunua kitabu. Bi Refugio, ni kitabu kilekile. Jalada lilelile, mtoto yuleyule anang'ata tofali la mbao. Na kuna kazi ya kumtazama mtoto mmoja kwa saa arobaini na kuandika anavyokua, nikasema mimi ninaye namtazama tangu azaliwe, nikaambiwa lazima awe wa mtu mwingine.

Yule kijana aliniambia njia ipo, nilete muhtasari wa kila kozi wa mwaka uleule niliosoma, wenye jina la mwalimu na tarehe, kamati itaangalia upya na huenda baadhi yakarudi. Nikaenda chuo cha jamii. Mwalimu wangu amehamia jimbo la Oregon, na katibu akasema walibadilisha kompyuta, mihtasari ya zamani haipo ofisini. Nikashukuru nikaondoka.

Sasa hilo somo la kurudia liko Jumanne na Alhamisi saa nane mchana tu, na Mama anatakiwa awe kwenye mkanda saa nane na nusu. Wiki za kwanza jirani alinishikia Itzel, halafu akapata kazi ya kupogoa mizabibu. Hapo ndipo nilipokosea na nimeandika mwenyewe, sikuanzia katikati. Nilijua nikimwambia Mama kwamba sina wa kumshika mtoto mchana, ataacha kazi kabisa, namjua, atasema machungwa ameshayaona yote. Kwa hiyo nikamwambia, "Mama, kipindi wamekihamishia asubuhi." Akasema, "Vizuri, wamekufikiria."

Nikamchukua Itzel darasani mara mbili, nikimwambia Mama tunakwenda dukani. Mara ya kwanza alilala. Mara ya pili mhadhiri alikuwa anaeleza kwamba mtoto wa umri huo bado hawezi kukaa kimya dakika ishirini, na Itzel akamthibitishia mbele ya watu wote, wakacheka, hata mhadhiri alicheka, ila baadaye aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba watoto hawaruhusiwi. Kisha masikio yakamshika mtoto, usaha, homa, mpaka akafanyiwa upasuaji mdogo, wiki tatu zikapita, nikarudi nikakuta mtihani umeshapita, nikafika mlangoni nikawasikia ndani wanataniana kwa majina, nikaona hawa wameshazoeana, mimi nitaingia kama nani? Nikarudi garini.

Na garini ndipo nilipo mpaka leo. Kila Jumanne na Alhamisi asubuhi natoka nyumbani na mkoba, Mama ananifungia tamale mbili, zile za unga wa mahindi na nyama, kwenye kitambaa, naendesha dakika arobaini, naegesha hapa chuoni, nakaa mpaka saa saba, narudi. Sijachelewa hata siku moja. Wanafunzi wapya wakipotea huja dirishani kwangu, nawaelekeza, usajili ghorofa ya pili, maktaba nyuma ya ile chemchemi isiyotoa maji. Mwezi wa pili msichana mmoja aliniambia, "Asante, mwalimu," nikapandisha kioo nikalia.

Sasa sherehe. Unajua kwetu mtu mmoja habebi sherehe peke yake, kila kitu kinapata mdhamini wake wa kukigharimia. Mama Eustolia ameshapata wadhamini kumi na mmoja, wote wa kiwandani. Niliwasikia Jumamosi moja zamu zote mbili zilipofanya kazi pamoja, nilipompelekea Mama chakula alichosahau, anapanga huku mikono inachagua machungwa.

"Chelo, wewe keki. Na isiwe ya duka la jumla, hii si sherehe ya mbwa."

"Lakini mimi ndiye mama wa ubatizo wa Itzel, na kwenye ubatizo nilitoa keki!"

"Basi umeshazoea. Nacho, wewe muziki, na huyo mpwa wako asiimbe."

"Asipoimba hatakuja na spika."

"Basi aimbe mwishoni watu wakiwa wameshaondoka."

Wakaniona, wakapiga makofi kwa glovu za mpira, Dada Chelo akapaza sauti, "Mwalimu huyo! Mwalimu, njoo uturekebishe makosa!" Nikacheka, Bi Refugio. Nilicheka vizuri sana, hata mimi niliamini.

Ili ujue ni mtu wa namna gani ninayemdanganya, nikuambie jambo moja. Alipokuwa msichana, wakati wa ule msamaha ambao Marekani iliwapa wahamiaji wasio na vibali, walitakiwa kuonyesha karatasi kwamba walifanya kazi mashambani siku tisini. Yeye alikuwa nazo zimefungwa kwenye leso. Dada yake alizitupa zake, hakuruhusiwa kubaki nchini. Tangu hapo Mama hatupi karatasi yoyote. Ana sanduku la bati la kijani chini ya kitanda, mna stakabadhi za kliniki, mna bahasha za mshahara za miaka yote, mna mpaka makaratasi yangu ya darasani ninayotupa. Juzi nilimkuta jikoni anapiga pasi karatasi yenye doa la maharage, ile mwalimu wa vikaragosi aliyotugawia siku ya kwanza.

"Mama, hiyo ni takataka."

"Ina tarehe?"

"Ina tarehe na jina la mwalimu, basi."

"Basi si takataka. Siku moja watakuuliza."

Nikatoka nikaenda kuoga ili nilie maji yakitiririka. Mtu anapiga pasi karatasi zangu, na mimi nimeketi kwenye gari.

Niambie nifanye nini. Niugue siku ile? Nimwombe Ramiro amwambie mama yake, ingawa Ramiro hawezi kumwambia mama yake hata kwamba supu imezidi chumvi? Au niache wafanye sherehe yao, joho ninalo, la chuo kidogo, rangi inakaribiana, kisha nimalize polepole bila mtu kujua? Nimejaribu kuwazia sura ya Mama wakati Chelo anakata keki na siwezi. Na sitaki kuacha. Ukiniambia mtu wa miaka ishirini na sita mwenye mtoto na masomo ya kurudia bado anaweza kumaliza, nitakuamini wewe kuliko kompyuta ya yule kijana.

Ukichapisha, tafadhali badilisha mambo, maana mimi ndiye nitakayemsomea.

Mama Itzel, garini

*

Bi Refugio anajibu:

Mama Itzel, funga mlango wa gari na ukae vizuri.

Kwanza nikupe lililo lako. Hukufeli. Ulifaulu mara moja, na sasa unatakiwa ufaulu tena jambo lilelile, kwa kitabu kilekile, dakika arobaini upande wa kaskazini. Vyuo viwili vilivyo kwenye barabara moja, na hakuna aliyepiga simu kumuuliza mwenzake anafundisha nini. Badala yake wamekutuma wewe, ukiwa na mimba, ukiwa na mtoto mgongoni, uende ukagundue mwenyewe, na ulipogundua wakakupongeza kwa kuzidisha. Tangu Krismasi nimepokea barua saba za namna hii. Saba! Mmoja anasomea uuguzi, mmoja hesabu, mmoja alibakiza somo moja la saa nane mchana miaka tisa iliyopita na bado anasema "nitarudi." Kila mmoja ameandika kana kwamba ni yeye peke yake duniani. Alhamisi ijayo hebu tazama gari la kushoto kwako. Kama kuna mwanamke anakula tamale saa tatu asubuhi, mgongee kioo.

Hayo yamekwisha. Sasa nije kwako.

Binti yangu, umesoma Makuzi ya Mtoto mara moja na nusu, umefundishwa kumtazama mtu saa arobaini na kuandika unachokiona, na mwanamke unayeishi naye nyumba moja hujamtazama hata dakika tano. Unasema ulimdanganya ili asiache kazi. Vizuri, una moyo mwema. Lakini zamu ya asubuhi ya miaka ishirini na miwili ameshaiacha, na unajua ameinunulia nini? Amekununulia nafasi ya kuegesha gari. Anasimama na wasichana wapya mpaka usiku ili wewe uwaelekeze watu kwenye chemchemi isiyotoa maji. Ulimwonea huruma kwa uongo, na uongo umemgharimu zaidi kuliko ukweli ungemgharimu. Hilo ndilo kosa. Darasa lilikushinda kwa sababu zinazoeleweka. Kunyamaza ulikuchagua mwenyewe, kila Jumanne, pamoja na tamale.

Usiugue tarehe ishirini na tatu. Watu wa kiwanda cha matunda wanajua mgonjwa wa kweli, wamewaona wa uongo kila msimu. Ramiro mwache alale. Na joho la rangi inayokaribiana lirudishe kabatini leo. Ukilivaa siku hiyo hutalivaa tena kwa haki, kwa sababu nani atakufanyia sherehe ya pili ya kitu ulichokwisha kusherehekea?

Sasa nisikilize, maana umeandika dawa yako kwa mkono wako, ukaipita kama mtu anayepita duka lililofungwa.

Yule kijana wa kikombe cha paka anataka muhtasari wa kozi. Wewe ukadhani ni kitu cha ofisini, chenye lakiri nyekundu, kinakaa kwenye kabati la mkuu wa chuo. Hakuna aliyekueleza, na nyumbani kwako hakuna aliyewahi kupita huko kabla yako, utajuaje? Muhtasari wa kozi ni ile karatasi mwalimu anayowagawia siku ya kwanza. Somo linaitwaje, mwalimu nani, tarehe gani, mtasoma sura zipi, mtapimwaje. Ile uliyoitupa. Ile yenye doa la maharage. Unamdharau mhifadhi wa kumbukumbu hodari kuliko wote katika bonde hili, mama! Kile chuo kimebadilisha kompyuta na kupoteza miaka mizima, na Mama Eustolia na pasi yake hajapoteza hata vikaragosi. "Siku moja watakuuliza," alikuambia. Wameshauliza. Ulijibu kwamba haipo, na ipo chini ya kitanda, imenyooshwa.

Zitoe zote. Zipange kwa miaka, toa nakala mbili mbili, andika barua ya nusu ukurasa na siyo zaidi, peleka kwa yule kijana, naye azipeleke kwenye kamati mbele yako, akupe uthibitisho kwa maandishi kwamba amezipokea. Huo uthibitisho ukampe Mama aupige pasi. Siahidi kwamba kamati itarudisha yote. Vikaragosi sidhani. Lakini hilo la Makuzi, la kitabu kilekile, mtu mwenye karatasi mkononi ana la kusema, na likirudi hilo, yale mengine yanayolisubiri yanafunguka. Huenda miaka miwili na nusu ikawa mwaka na nusu. Huenda ikawa miwili. Kwa vyovyote ni pungufu kuliko ile ya kukaa garini, ambayo haina mwisho.

Jambo la pili. Ulitoweka Oktoba bila kujaza fomu, sivyo? Basi kwenye rekodi yako kuna alama ya kufeli inayokungoja. Kuna fomu ya kujiondoa kwa kuchelewa kwa sababu ya ugonjwa katika familia. Inataka ushahidi wa hospitali, wenye tarehe. Stakabadhi za kliniki za masikio ya mtoto ziko wapi? Sisemi. Fomu inapatikana ofisi ya usajili, ghorofa ya pili. Unaijua njia, umewaelekeza watu tangu Oktoba. Sasa jielekeze na wewe.

La tatu ni saa nane mchana. Hapa ndipo wengi wenu mnapoanguka, na siyo kwa uzembe. Somo linawekwa saa ambayo mtu mwenye mtoto hawezi, kisha linahesabiwa kwamba mtu mwenye mtoto hakutaka. Mimi siwezi kumhamisha mhadhiri. Lakini wewe una wadhamini kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Watu waliokubali kusimama kwa ajili yako, mmoja hata kwa kumnyamazisha mpwa wake. Dada Chelo ametoa keki kwenye ubatizo na anatoa keki tena. Aulizwe kama angependa, kwa mara moja, asiwe mdhamini wa keki, awe mdhamini wa Jumanne mchana. Mwingine wa zamu ya asubuhi achukue Alhamisi. Wakitoka kazini saa saba na nusu wanampitia mtoto, basi. Kwenu watu wanajua kugawana ukumbi, muziki, maua na nguruwe mzima. Kugawana saa nne za mtoto kwa wiki watashindwaje? Hawajashindwa, hawajaombwa.

Na Mama Eustolia ndiye atakayewaomba, si wewe. Sherehe ni yake, tarehe ni yake, atajua mwenyewe kama ataifuta, ataisogeza, au atawaalika watu mia moja na hamsini waje kula na kusikia kwamba bado. Usimpangie. Umempangia vya kutosha.

Unaniuliza kama mtu wa miaka ishirini na sita mwenye mtoto na masomo ya kurudia anaweza kumaliza. Anaweza. Ila hawezi akiwa peke yake, hawezi akiwa kimya, na hawezi akiwa ndani ya gari.

Mwisho. Uliomba nibadilishe mambo na nimebadilisha. Jina lako nimelibadilisha, mji nimeuondoa, hata tunda nimebadilisha, maana wewe na mimi tunajua kwamba kwenu hawafungashi machungwa. Lakini sanduku nimeliacha kama lilivyo, na pasi pia, na doa la maharage.

Ijumaa hii atarudi kazini, ataweka beseni, ataingiza miguu, atakuambia, "Soma, mwanangu, tuone leo nani kaharibu." Anza na barua. Usiruke mstari. Ukifika kwenye begi na ramani atacheka. Ukifika kwenye zamu ya asubuhi ataacha kucheka. Ukifika kwenye sanduku, hutasikia hata maji yakitikisika. Wewe endelea kusoma, mpaka hapa nilipofika mimi, kisha weka gazeti chini, umtazame, na useme kwa sauti yako mwenyewe maneno matatu:

"Mama, naomba sanduku."